Kiporo cha Usiku: Mezani, Kwenye Hotpoti au Jokofuni?

Inapofika saa tatu usiku katika nyumba nyingi za Dodoma, kuanzia Nkuhungu hadi Ihumwa, swali la jikoni huwa ni moja. Sufuria ya wali imebaki na chakula cha watu wawili, maharage yamebaki nusu, na watoto watahitaji kula kabla ya kutoka kwenda shule alfajiri. Kutupa chakula ni dhambi machoni pa wengi wetu, hasa katika nchi ya Wagogo ambako njaa kubwa ya Mtunya, ya wakati wa Vita Kuu ya Kwanza ya Dunia na miaka iliyofuata, imebaki katika kumbukumbu za wazee. Kwa hiyo kiporo lazima kilale mahali fulani, na mahali hapo ndipo penye hoja. Wapo wanaokifunika kwa kawa na kukiacha mezani, wapo wanaokitia kwenye hotpoti, wapo wenye jokofu, na wapo wanaoitosa sufuria kwenye beseni la maji au kuisogeza karibu na mtungi penye ubaridi. Njia hizo nimezilinganisha hapa chini, lakini namwomba msomaji avumilie kwanza maelezo kuhusu joto na kuhusu aina za vyakula, kwa sababu ulinganisho wa vyombo peke yake hupotosha: njia inayovumilika kwa maharage inaweza kuwa mbaya kabisa kwa wali.

Joto na muda

Shirika la Afya Duniani linashauri kwamba chakula kilichopikwa kisikae katika joto la kawaida la chumba kwa zaidi ya muda wa saa mbili. Baada ya hapo kiwe kwenye ubaridi ulio chini ya nyuzi 5 za Sentigredi, au kiwe kimebaki moto kwa zaidi ya nyuzi 60 hadi wakati wa kuliwa. Kati ya nyuzi hizo mbili ndipo bakteria wanapozaliana kwa kasi. Pale mazingira yanapowafaa, baadhi yao huongezeka maradufu kila dakika 20, maana yake ni kwamba bakteria mmoja huweza kuwa 4,096 baada ya saa nne, na baada ya saa nane, ambao ndio usingizi wa usiku mmoja, hesabu hupita milioni 16. Mamlaka za afya za Marekani hukata muda huo wa saa mbili kuwa saa moja pale joto la mahali linapozidi nyuzi 32.

Kinachosahaulika mara nyingi ni kwamba joto baya kuliko yote ni lile la vuguvugu. Chakula ambacho unaweza kukitia kidole na kukiacha humo bila kuungua kimeshashuka chini ya nyuzi 60, na huko ndiko bakteria wanakostawi. Mtu anayesema kwamba chakula chake ni salama kwa sababu bado kina uvuguvugu anakitetea kwa kigezo ambacho kilipaswa kumtia hofu.

Hali ya hewa ya Dodoma nayo inachanganya hesabu. Jiji liko zaidi ya mita 1,100 juu ya usawa wa bahari, na usiku wa Juni na Julai joto la nje huweza kushuka hadi nyuzi 13 au 14, jambo linalowafanya wengi waamini kwamba katika miezi hiyo meza yenyewe ni jokofu. Imani hiyo ina ukweli kidogo, kwa kuwa ubaridi hupunguza kasi ya bakteria, lakini nyuzi 14 ziko mbali sana na 5, na jiko ambalo mkaa umewaka ndani yake jioni nzima halina ubaridi wa nje. Mwezi Oktoba na Novemba, kabla mvua hazijaanza, mchana hupita nyuzi 30, na chini ya bati lisilo na dari joto hupanda zaidi, hivyo wali ulioepuliwa saa saba mchana unapaswa kupewa saa moja tu.

Ukavu wa hewa yetu una udanganyifu wake pia. Ugali ulioachwa wazi hapa Dodoma hufanya ganda gumu juu na hauwahi kuota ukungu kama ambavyo ungeota Tanga au Dar es Salaam, ambako unyevu ni mwingi, na mwenye kuutazama asubuhi huuona mzima. Ndani ya ganda hilo, hata hivyo, unyevunyevu umebaki vile vile. Harufu nayo si kipimo cha kutegemewa. Vijidudu vinavyochachisha chakula, vinavyokitia utelezi na harufu, kwa kawaida si vile vinavyomlaza mtu hospitalini, na chakula chenye sumu ya kutosha kutapisha familia nzima kinaweza kunukia vizuri kama kilivyonukia jana.

Wali si maharage

Nitakaa zaidi kwenye wali, kwa sababu ndicho chakula ambacho watu hukidharau kwa kuwa hakina nyama. Mchele huja na spora za bakteria aitwaye Bacillus cereus, ambaye makazi yake ya asili ni udongo. Spora ni kama mbegu yenye gamba gumu: kuchemsha kunawaua bakteria walio hai lakini spora huvumilia. Wali unapoanza kupoa taratibu ndani ya sufuria kubwa, spora huchipua, bakteria huongezeka, na baadhi yao hutoa sumu ya kutapisha ambayo moto wa jikoni hauiondoi. Maabara zimeonyesha kwamba sumu hiyo hustahimili nyuzi 121 kwa dakika 90, wakati maji ya kuchemka hapa Dodoma, kwa sababu ya mwinuko, hayafiki hata 100 bali hukaribia 96. Aliyekula huanza kutapika ndani ya nusu saa hadi saa sita.

Wakazi wa mkoa huu wana mfano wa karibu wa kuwasaidia kulielewa jambo hili. Mwaka 2016 watu walifariki katika mikoa ya Dodoma na Manyara kwa kula mahindi yenye sumukuvu, na tulifundishwa wakati ule kwamba kusonga ugali kwa moto mkali hakuondoi sumu ambayo ukungu umeshaiacha ndani ya nafaka. Sumu ya wali uliolala ni ya aina nyingine na kwa kawaida haiui, lakini kanuni ni hiyo hiyo: kumuua aliyetengeneza sumu si sawa na kuiondoa sumu yenyewe. Ndiyo maana miongozo ya Uingereza inataka wali upozwe ndani ya saa moja, uwekwe kwenye jokofu, na uliwe ndani ya saa 24. Pilau na biriani huwekwa kwenye kundi hili, tena kwa ukali zaidi, kwa kuwa zina nyama.

Maharage, kunde na mchuzi wa nyama vina adui mwingine, Clostridium perfringens, ambaye naye huacha spora zinazovumilia kuchemshwa. Huyu hapendi hewa, kwa hiyo hustawi chini kabisa ya sufuria nzito iliyojaa, na hupenda zaidi joto la kati ya nyuzi 43 na 47, ambalo ndilo joto la sufuria iliyoepuliwa jioni na kufunikwa kwa uangalifu. Tofauti yake na yule wa wali ni ya maana sana kwa mwenye kuchagua. Sumu yake hutengenezwa zaidi tumboni mwa mlaji, baada ya kumeza bakteria wengi walio hai, na kwa sababu hiyo kuyachemsha maharage upya hadi yatokote vizuri, huku ukikoroga kutoka chini, kunapunguza hatari kwa kiasi kikubwa. Anayekosea hupata maumivu ya tumbo na kuhara baada ya saa 6 hadi 24, na mara nyingi hulaumu chakula cha mchana wa siku iliyofuata.

Ugali uko katikati. Ni mzito na hubaki na moto katikati kwa muda mrefu, jambo zuri kwa nusu saa ya kwanza na baya kwa saa zinazofuata. Mwenye kuuhifadhi aukate vipande vyembamba upoe haraka. Kipande cha ugali wa jana na chai ya asubuhi ni desturi ambayo sitaki kuikejeli, maana nimekua nayo, ila desturi hiyo ilizoeleka zaidi kwa ugali mkavu usioguswa na mboga kuliko kwa wali uliochanganywa na mchuzi kwenye sahani moja.

Chakula chochote kilichochambuliwa kwa mikono baada ya kupikwa, kwa mfano kuku aliyenyofolewa nyama, huweza kupata bakteria wa ngozini na puani, Staphylococcus aureus, ambao sumu yao pia haiondoki kwa kupashwa moto. Na uji wa mtoto mchanga unaowekwa kwenye chupa ya chai tangu asubuhi ili anyweshwe hadi jioni nauweka kwenye orodha ya mambo ya kuachwa kabisa: kila unapofunguliwa hupoa zaidi, na tumbo la mtoto halina ustahimilivu wa tumbo la baba yake.

Njia zenyewe zikiwekwa kando kwa kando

Kukiacha chakula mezani chini ya kawa hakuna gharama, na sifa yake moja ni kuzuia nzi na panya. Kawa haizuii kilichomo ndani ya chakula tayari. Kwa wali, hii ni njia ninayoikataa kwa usiku mzima, iwe Julai au Novemba.

Ipo namna iliyoboreshwa ya njia hii, nayo ni kuchemsha mboga kabla tu ya kulala, kuacha kifuniko bila kukifunua, na kuchemsha tena alfajiri. Watu wengi wasio na jokofu hufanya hivi kwa maharage na mchuzi. Haitimizi ushauri wa muda wa saa mbili, kwa sababu sufuria itapita kwenye uvuguvugu kati ya usiku wa manane na alfajiri, lakini ikilinganishwa na kuacha sufuria tangu saa moja jioni, imepunguza saa za hatari na imemalizia na moto unaowaua bakteria waliochipuka. Ningeikubali kwa maharage ya watu wazima wenye afya pale ambapo hakuna njia nyingine. Nisingeikubali kwa mtoto chini ya miaka mitano, mjamzito, mzee, au mtu ambaye kinga ya mwili wake imeshuka.

Hotpoti imepata heshima kuliko inavyostahili. Ikitumiwa vizuri ni chombo kizuri cha kuvusha chakula kati ya jiko na mlo: isuuzwe kwa maji ya moto na kuachwa nayo dakika chache, ijazwe chakula kinachotoa mvuke, ifungwe, na isifunguliwe ovyo. Ikiwa nusu tupu hupoa haraka. Kwa chakula cha mchana kinachosubiri wafanyakazi kutoka Mtumba au mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Dodoma anayechelewa kipindi, inatosha. Kwa usiku mzima siioni kuwa suluhisho hata kidogo, kwa sababu hotpoti inapopoteza moto haipoi upesi, bali hushikilia ule uvuguvugu niliousema, na hivyo wali uliolala kwenye hotpoti hukaa kwenye joto linalowafaa bakteria kwa muda mrefu kuliko uliolala kwenye sinia. Njia inayoonekana ya kisasa kuliko kawa ikawa mbaya kuliko kawa: hili ndilo jambo ambalo wasomaji wengi hunibishia, na ambalo kipimajoto cha chakula hulimaliza kwa asubuhi moja.

Jokofu ndilo pekee linaloweza kushusha chakula chini ya nyuzi 5 na kukiweka huko, na kwa wali hakuna mbadala wake. Lakini jokofu linahitaji kutumiwa kwa adabu. Sufuria kubwa ya moto ikiingizwa ilivyo, katikati yake hubaki vuguvugu kwa saa nyingi na majirani zake hupashwa joto. Chakula kigawanywe kwenye vyombo vya kina kifupi, kisichozidi sentimita 5 hivi, kiwekwe kwanza kwenye beseni la maji baridi kwa dakika 20 au 30 huku kikikorogwa, kisha kiingie. Wali uliwe siku inayofuata. Maharage na nyama huweza kukaa siku tatu hadi nne. Umeme ukikatika, jokofu lisilofunguliwa hushikilia ubaridi kwa takriban saa nne, na hapo sharti tuseme ukweli kuhusu nyumba zetu: jokofu ambalo huzimwa kila usiku ili kuokoa uniti za LUKU si jokofu bali ni kabati. Mwenye kulizima usiku afanye uamuzi kana kwamba hana.

Kupasha nako kuna kiwango chake. Shirika la Afya Duniani linataka chakula kifike nyuzi 70 hadi katikati, ambazo kwa macho ya jikoni ni mvuke mwingi na mchuzi unaotokota kila mahali, si joto la kando ya sufuria tu. Kipashwe mara moja tu, kwa kiasi kitakacholiwa, na kinachobaki baada ya hapo kisirudishwe.

Kuhusu mtungi na beseni, nilikuwa na matumaini makubwa. Hewa kavu ya Dodoma huyeyusha maji haraka kutoka kwenye udongo wa chungu na hivyo kukipoza, na ndiyo sababu maji ya mtungi yana ladha ambayo chupa ya plastiki haina. Nchini Nigeria, katika miaka ya 1990, mwalimu Mohammed Bah Abba aliisambaza njia ya vyungu viwili, kimoja ndani ya kingine na mchanga mbichi katikati, na nyanya na mboga za majani zilidumu kwa siku nyingi zaidi. Kwa mchicha na nyanya za Soko la Majengo ningeipendekeza leo. Kwa chakula kilichopikwa haifai, kwa kuwa chungu hupunguza joto la chumba kwa nyuzi kadhaa tu na hakiwezi kufika nyuzi 5. Beseni la maji baridi ni hatua nzuri ya kwanza ya kupoza, lakini kama hakuna jokofu la kuipokea sufuria baada ya hapo, hatua hiyo haina ya pili.

Kutohifadhi kilichopikwa

Njia ya mwisho ndiyo ya zamani kuliko zote, na mimi naiona bora kuliko hotpoti kwa nyumba isiyo na jokofu linalowaka usiku na mchana. Watu wa kanda hii ya kati waliishi na ukame kwa kuhifadhi chakula kikavu, si kilichopikwa. Majani ya mlenda hukaushwa na kusagwa, na unga wake huiva kwa dakika chache ukishachemsha maji, ukiongeza nyanya au karanga. Dagaa wakavu hawahitaji usiku wa mashaka. Maziwa mgando yana uchachu unaozuia vijidudu vingi kustawi, kwa hiyo kati ya maziwa yaliyochemshwa jana na kuachwa mezani na mgando uliotengenezwa kwa chombo safi, naamini mgando ni chaguo salama zaidi kwa asubuhi ya leo, mradi maziwa yake yalichemshwa kabla ya kugandishwa.

Pingamizi linajulikana: mkaa ni ghali, na mtu hupika maharage mengi kwa mara moja kwa sababu huchukua saa nyingi kuiva. Pingamizi hilo ni la haki kwa maharage, ambayo yakilowekwa tangu asubuhi hupunguza muda huo, na ambayo, kama tulivyoona, ndiyo yanayostahimili zaidi kuchemshwa upya. Halina nguvu kwa wali. Wali huiva kwa nusu saa, na kikombe kimoja cha mchele kilichopunguzwa jioni hakihitaji chombo chochote cha kukihifadhi.

Basi uchaguzi wangu ni huu. Mwenye jokofu linalowaka mfululizo aweke vyote, akianza na wali. Mwenye jokofu la kuzimwa na kuwashwa aweke chakula cha mchana kinachosubiri jioni tu, umeme ukiwa umewaka. Asiye nalo apike wali wa kuisha, ayachemshe maharage usiku na alfajiri kwa ajili ya watu wazima, na awapikie watoto uji mpya. Anayenunua kwa mama lishe saa kumi jioni achague sufuria iliyo juu ya moto inayotoa mvuke, na aiache iliyofunikwa kwenye ndoo ya plastiki tangu saa sita mchana.

Ikitokea mtu akaanza kutapika au kuhara, la haraka ni maji yenye chumvi ya ORS, au lita moja ya maji safi yenye vijiko vidogo sita vya sukari na nusu kijiko kidogo cha chumvi, anyweshwe kidogo kidogo. Damu kwenye choo, homa kali, au mtoto aliyelegea na kukosa mkojo ni sababu ya kwenda kituo cha afya bila kusubiri kupambazuka.

Nyumbani kwangu kanuni hii ilianza Jumapili moja ya Novemba, wali wa mchana uliposubiri hadi saa mbili usiku ndani ya hotpoti niliyoisifu mwenyewe, ukapashwa vizuri, ukaliwa, na kabla ya saa tano usiku watatu kati yetu walikuwa wanapokezana choo. Siku hizi wali unaobaki mchana humwagiwa kuku jua likiwa bado juu, na hotpoti inatunza vijiko.